Terry Jones hakukosea kuuliza kuhusu naiti wa Chaucer

Ukimtaja Terry Jones wengi wanakumbuka Monty Python tu, kile kipindi cha vichekesho cha BBC cha 1969 mpaka 1974. Vitabu vyake vya watoto navyo vilipokelewa vizuri, kile cha Erik the Viking cha 1983 kikapata na tuzo. Ila ukigusa vitabu vyake vya historia watu wanabadilika sura, utasikia huyo ni mchekeshaji tu, angebaki kwenye fani yake. Hapo ndo panaponiuma, maana wengi wanaosema hivyo hawajakifungua hicho kitabu, na jamaa alisoma fasihi ya Kiingereza pale Oxford kabla hata hajaonekana kwenye TV.

Kitabu chenyewe ni Chaucer's Knight cha 1980. Kwenye Canterbury Tales, mkusanyiko wa hadithi za mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, Geoffrey Chaucer, anawaleta mahujaji mmoja mmoja, na wa kwanza kabisa ni naiti, yaani askari wa farasi wa tabaka la waungwana. Anataja vita alivyopigana, kisha anasema huyu ndo naiti kamili, muungwana wa kweli. Vizazi na vizazi vimefundishwa hivyo hivyo: mtu safi asiye na doa. Jones akauliza swali moja tu, hivi mmeshawahi kuvichunguza hivyo vita vyenyewe?

Chukua Alexandria, kule Misri. Oktoba 1365 mfalme Peter wa Cyprus kaivamia na meli zake, mji ukaanguka haraka, halafu kilichofuata hakina jina lingine zaidi ya mauaji na uporaji. Waliuawa Waislamu, wakauawa Wayahudi, wakauawa mpaka Wakristo wenzao waliokuwa wanaishi mle, maelfu wakachukuliwa mateka, na baada ya siku chache tu mashujaa wetu wakapakia mali melini wakaondoka, mji wenyewe hawakuushika hata kidogo. Kama lengo lilikuwa dini mbona walikimbia na mizigo? Na hili si jicho la leo tunamhukumu nalo mtu wa zamani, Petrarch, mshairi wa Italia aliyeishi kipindi hicho hicho, alilalamika kwamba wameuteka halafu wameutupa. Mimi nikiwa msomaji wa Afrika siwezi kuupita huo mstari kama vile ni jina tu la kupamba shairi. Chaucer kauweka Alexandria mwanzo wa orodha, wa kwanza kabisa, na sidhani kama mshairi wa aina yake anapanga majina bila kufikiri.

Halafu kuna Palatye. Naiti huyu wa vita vya msalaba, yaani vya Wakristo dhidi ya wasio Wakristo, anapigana upande wa mtawala Mwislamu, dhidi ya Mwislamu mwingine, huko Uturuki. Jones anasema huyo ni mamluki. Kwetu neno hilo lina uzito wake, maana limetokana na Wamamluki wale wale waliokuwa wanaitawala Misri wakati Alexandria inaporwa. Ongeza na hili: kwenye orodha yote hakuna Crécy wala Poitiers, vita vikubwa vya Uingereza na Ufaransa havitajwi kabisa, wakati kijana wake, ambaye naye yumo kwenye msafara, ndo kapigana Flanders na Picardy, huko huko upande wa Ufaransa.

Sasa waliompinga nao hawakuropoka, haki yao wapewe. Mwanahistoria Maurice Keen alijibu 1983 kwa ushahidi mzito, ile kesi ya kugombania nembo ya ukoo kati ya Scrope na Grosvenor ambayo Chaucer mwenyewe alitoa ushahidi 1386. Mle mashahidi wanataja kwa fahari safari za vita za Alexandria na Prussia, kaskazini mwa Ulaya, ambayo nayo imo kwenye orodha ya naiti, na waliokwenda walikuwa waungwana wa koo kubwa. Hata Henry Bolingbroke, aliyekuja kuwa mfalme, alikwenda Prussia 1390, na huyo huwezi kumwita mamluki. Pia Chaucer huyo huyo, kwenye hadithi ya mtawa humo humo Canterbury Tales, anamsifu Peter wa Cyprus kwa kuiteka Alexandria. Hiyo ni hoja ngumu, na Jones anapojaribu kuigeuza nayo iwe kejeli namwona anavuta kamba mpaka inakatika. Ndo udhaifu wa kitabu chake, anataka kila neno liwe na sumu, mpaka ile nguo ya naiti yenye madoa ya kutu ya deraya iwe ushahidi wa umaskini wa mamluki, wakati inawezekana mtu kashuka tu melini kaunganisha kwenda hija.

Lakini Keen anatuonyesha waungwana walijionaje wenyewe, hajatuonyesha mshairi aliwaonaje, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Chaucer vita alivijua mwilini, alitekwa Ufaransa akiwa kijana na mfalme akachangia pauni 16 kumkomboa 1360. Mamluki nao aliwajua kwa sura, 1378 alitumwa Lombardy kuzungumza na John Hawkwood, Mwingereza aliyekuwa anauza jeshi lake kwa miji ya Italia kwa mkataba. Mtu aliyekaa meza moja na Hawkwood, halafu akaja kuandika orodha ya vita vya mbali namna ile, mimi siamini aliiandika kwa kushangilia tu.

Kwa hiyo kwenye jibu Jones kapitiliza, naiti yule si lazima awe mamluki wa kulipwa. Ila kwenye swali yuko sahihi, na wa kuliona alikuwa mchekeshaji kama yeye, mtu aliyeishi kwa kupima maneno, anayejua sifa ikizidi sana inaanza kuleta shaka. Kuhusu Palatye nimeshasoma kwamba yule mtawala alikuwa na mapatano na Peter, sawa, lakini mapatano ya mfalme hayanielezi kwa nini naiti wa Uingereza alikwenda kumwaga damu kule.