Hatia Hairithiwi, Lakini Deni Je?

Tarehe 1 Novemba 2023, mjini Songea, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa Watanzania wakati wa Vita vya Majimaji. Vita hivyo vya 1905 hadi 1907 viliua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu wanajeshi walichoma mashamba na maghala ya chakula. Steinmeier alizaliwa mwaka 1956, nusu karne baada ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika vita hivyo, kunyongwa na Wajerumani. Je, yeye, au kijana wa Berlin wa leo, anapaswa kujiona mkosaji?

Wanaokataa wana hoja nzito. Kosa ni tendo, na kila tendo lina mtendaji wake. Tukisema hatia hupita katika damu, tutamhukumu mtoto wa Rwanda aliyezaliwa baada ya mwaka 1994 kwa sababu tu baba yake alishika panga. Tena damu yenyewe haifuati mipaka: raia wa Ujerumani ambaye babu yake alitoka Uturuki kutafuta kazi viwandani hana mzazi aliyewahi kukanyaga Ungoni, ilhali askari wengi waliobeba bunduki za Wajerumani walikuwa Waafrika, na wajukuu wao tunaishi nao.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili ndiyo inayonigusa zaidi. Sisi hujivunia ushujaa wa Kinjikitile, mganga aliyewahamasisha watu kupigana Majimaji, na wa Songea kana kwamba tulikuwapo. Basi anayepokea sifa za wazee wake kwa mikono miwili, aibu yao ataikwepaje? Nasi watu wa pwani, tunaoonea fahari majumba ya Mji Mkongwe, hatuwezi kuliruka soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, kana kwamba lilikuwa la wageni peke yao.

Kwa maoni yangu, sheria ya mirathi ya Kiislamu inatenganisha vizuri hatia na deni. Madeni ya marehemu hulipwa kutokana na mali aliyoiacha kabla warithi hawajagawana, na mrithi halazimiki kulipa zaidi ya kilichomo katika mali hiyo. Hakuna amwitaye mkosaji. Lakini akiikalia mali na kuwafukuza wanaodai, hapo kosa linakuwa lake mwenyewe.

Mali hiyo ipo. Makusanyo ya Berlin yamekuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Ukoo wa Songea unaamini kwamba kichwa cha babu yao kilipelekwa Ujerumani, na Steinmeier aliahidi kusaidia kukitafuta. Kijana wa Berlin hana hatia ya kitanzi cha 1906. Lakini serikali anayoichagua na kuilipia kodi ndiyo yenye uwezo wa kuyarudisha mafuvu hayo, na kila mwaka unaopita yakiwa bado kabatini ni mwaka wake yeye, si wa babu yake.