Bart Starr na Deni Alilolikuta Green Bay

Hukumu inayotolewa juu ya ukocha wa Bart Starr, aliyekuwa kwotabeki nyota (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) wa futiboli ya Marekani, ni fupi, na kwa kawaida husomwa moja kwa moja kutoka kwenye jedwali: misimu 9 akiwa na Green Bay Packers, kuanzia 1975 hadi 1983, ushindi 52, vipigo 76 na sare 3. Baada ya takwimu hiyo hufuata kauli waliyoizoea wapenzi wa futiboli ya Marekani, kwamba mchezaji mkubwa hawi kocha mkubwa, na Starr huitwa kuwa shahidi wa kwanza. Kauli yenyewe si ya kupuuzwa. Ila shahidi huyu amelazimishwa kuthibitisha jambo ambalo kesi yake haiwezi kulithibitisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya vipigo hivyo iliandaliwa kabla hajakabidhiwa kazi.

Wanaoishikilia kauli hiyo wana mifano mingi. Otto Graham, aliyetawala mchezo huu katika miaka ya 1950, aliifundisha Washington kwa misimu mitatu akapata ushindi 17 na vipigo 22. Norm Van Brocklin, aliyekuwa kocha wa Minnesota na kisha Atlanta, alimaliza na ushindi 66 dhidi ya vipigo 100. Kwa upande wa pili, makwotabeki waliokuja kutwaa Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa ligi, wakiwa makocha wakuu ni watu ambao hawakuwahi kuwa nyota wa uwanjani: Tom Flores, Gary Kubiak aliyekaa miaka mingi nyuma ya nyota John Elway, na Doug Pederson aliyekuwa akiba ya Brett Favre. Tangu Super Bowl ianze, hakuna kwotabeki aliyeingia katika Jumba la Watukufu, linaloenzi walio bora wa mchezo huu, kwa uchezaji wake kisha akaitwaa akiwa kocha mkuu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba anayekaa benchi hulazimika kujifunza kwa macho yale ambayo nyota huyafanya kwa kipaji, na kwamba nyota hana subira na mtu asiye na kipaji hicho.

Maelezo hayo yanaweza kumfaa Van Brocklin, ambaye ukali wake ulijulikana, lakini kwa Starr hayashiki. Katika uteuzi wa chipukizi, ambamo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Starr alichaguliwa mwaka 1956 katika raundi ya 17, akiwa mchezaji wa 200, na kabla ya kocha Vince Lombardi kufika mwaka 1959 hakuna aliyemwona kuwa mtu wa kujengewa timu. Mataji matano ya ligi aliyoyatwaa kati ya 1961 na 1967, na tuzo za mchezaji bora katika Super Bowl mbili za kwanza, aliyapata kwa kusoma na kukariri zaidi kuliko kwa nguvu ya mkono. Enzi hizo kwotabeki ndiye aliyeamua mbinu ipi itumike katika kila shambulizi. Hata ule msukumo wa mwisho uliowaangusha Dallas Cowboys 21–17 katika baridi kali ya tarehe 31 Desemba 1967 ulikuwa uamuzi wake mwenyewe, aliompelekea Lombardi kando ya uwanja naye akaukubali. Kama kuna nyota aliyekuwa na akili ya mtu wa benchi, ni huyu.

Alichokosa ni uzoefu wa kazi, na hapo wakosoaji wake wako sahihi kabisa. Alikuwa kocha msaidizi kwa msimu mmoja tu, 1972, chini ya Dan Devine, wakati Packers walipotwaa ubingwa wa kundi lao kwa ushindi 10 na vipigo 4, kisha akaondoka. Mkesha wa Krismasi mwaka 1974, Devine akiwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Notre Dame, bodi ya klabu ilimpa Starr ukocha mkuu pamoja na umeneja mkuu, yaani kufundisha timu na kuwasaka wachezaji wake, kazi mbili ambazo hata Lombardi alichoka nazo baada ya misimu tisa akabaki na moja. Bodi ilitaka jina lililobeba kumbukumbu za Lombardi, na Starr alikubali. Asingelazimika kukubali.

Jambo ambalo jedwali halilionyeshi lilitokea miezi miwili kabla ya siku hiyo. Mwezi Oktoba 1974 Devine, akijua kwamba kiti chake kinatikisika, alimnunua John Hadl kutoka Los Angeles Rams. Hadl alikuwa kwotabeki mzuri aliyeiongoza Rams kushinda michezo 12 kati ya 14 mwaka uliotangulia, lakini sasa alikuwa na umri wa miaka 34 na mkono wake ulikuwa unaelekea ukingoni. Malipo yake yalikuwa machaguo matano ya chipukizi, yaani zamu tano za Packers za kuchagua wachezaji wapya: ya raundi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa mwaka 1975, kisha ya kwanza na ya pili kwa mwaka 1976.

Inafaa kulitafakari jambo hili, kwa sababu msomaji wa leo, aliyezoea kuona klabu ikijisuka upya ndani ya mwaka mmoja, anaweza asielewe uzito wake. Soko huria la wachezaji lilianza rasmi mwaka 1993. Katika miaka ya 1970 mchezaji aliyemaliza mkataba hakuweza kuhama bila klabu mpya kuifidia ile ya zamani, na hivyo kwa timu dhaifu njia ya kujijenga ilikuwa karibu moja tu, nayo ni uteuzi wa chipukizi, ambao huipa timu iliyofanya vibaya nafasi ya kuchagua mapema. Devine aliichukua njia hiyo akaiuza kwa miaka miwili mfululizo, katika miaka ambayo Packers wangechagua karibu na kileleni. Wala hasara haikuishia 1976. Chipukizi huchukua misimu miwili au mitatu kukomaa, kwa hiyo pengo la 1975 na 1976 lilikuwa likisubiriwa mwaka 1978 na 1979, pale ambapo wachezaji wa umri huo walipaswa kuwa mhimili wa timu. Rams waliwapata kwa machaguo hayo, miongoni mwa wengine, Monte Jackson na Pat Thomas, mabeki wawili wa pembeni waliofika kiwango cha juu cha ligi. Mwaka 1976 Jackson pekee alinasa pasi 10 za wapinzani. Hadl naye, katika msimu na nusu akiwa Green Bay, alirusha pasi 9 za tachidauni, yaani za kufunga, na nyingine 29 zikanaswa. Na deni lilizaa riba: mwaka 1976, ili kumpata Lynn Dickey kutoka Houston, Starr alilazimika kumtoa Hadl mwenyewe, beki hodari Ken Ellis, na machaguo mengine mawili juu yake. Starr alirithi duka lenye rafu tupu na daftari lililojaa majina ya wanaodai.

Packers hao hao walilipa tena kwa chaguo la raundi ya kwanza ili kumpata kwotabeki mwaka 1992. Lakini tofauti na biashara ya Hadl, chaguo lilikuwa moja, na aliyekuja alikuwa Brett Favre mwenye miaka 22, nyota wa baadaye.

Mpinzani makini atasema kwamba deni liliisha mwaka 1976, wakati timu ilishinda michezo 5 tu mwaka 1979 na 5 mwaka 1980. Pingamizi hilo ni zito, na majeraha hayalijibu lote, ingawa Dickey alivunjika mguu Novemba 1977 asicheze msimu wote wa 1978 na sehemu kubwa ya 1979, na Eddie Lee Ivery, mkimbiaji aliyekuwa chaguo la kwanza la 1979, aliumia goti katika mchezo wake wa kwanza kabisa. Sehemu iliyobaki ni ya Starr mwenyewe. Mwaka 1980 chaguo lake la kwanza, Bruce Clark, alikataa kuja Green Bay akaenda kucheza Kanada. Mwaka 1981 Packers walimchukua kwotabeki Rich Campbell katika nafasi ya 6, na nafasi mbili baadaye San Francisco wakamchukua Ronnie Lott. Campbell hakuanza hata mchezo mmoja katika ligi, ilhali Lott ni miongoni mwa mabeki bora waliopata kuucheza mchezo huu. Kosa hilo halina Devine wa kubebeshwa. Lakini ni kosa la idara ya kusaka wachezaji, na idara hiyo hiyo ndiyo iliyompa Starr mpokea pasi hodari James Lofton mwaka 1978.

Baada ya msimu wa 1980 klabu ilimvua umeneja mkuu ikamwachia ukocha. Misimu mitatu iliyofuata ilileta ushindi 21, vipigo 19 na sare 1, baada ya misimu sita ya ushindi 31 na vipigo 57. Katika msimu uliokatwa na mgomo wa 1982 Packers waliingia hatua ya mtoano na kuwafunga St. Louis 41–16 nyumbani. Mwaka 1983 Dickey alirusha yadi 4,458, na usiku wa tarehe 17 Oktoba timu iliwashinda mabingwa watetezi Washington kwa 48–47. Safu ya ushambuliaji ilikuwa ya kocha anayeijua kazi yake. Ya ulinzi ilikuwa ya aibu, ikiruhusu pointi 439, na kocha mkuu anawajibika kwa safu zote mbili.

Mwisho wake ulikuwa Chicago, tarehe 18 Desemba 1983. Ushindi ungewapeleka Packers kwenye mtoano, lakini walifungwa 23–21 kwa teke la Bob Thomas katika sekunde za mwisho, huku Starr akilaumiwa kwa kutosimamisha saa mapema ili wachezaji wake wabakiwe na muda wa kujibu. Lawama hiyo naiona ya haki. Kesho yake rais wa klabu, Robert Parins, alimfukuza, na nafasi yake akapewa Forrest Gregg, mchezaji mwenzake wa enzi za Lombardi, aliyekuwa ameshaifikisha Cincinnati kwenye Super Bowl na hivyo hakuwa na upungufu wa uzoefu. Gregg alipata ushindi 25 na vipigo 37 katika misimu minne. Lindy Infante aliyemfuata, ambaye hakuwa nyota wa kitu chochote, alipata ushindi 24 na vipigo 40. Viwango vyao vyote viwili viko chini ya kile cha Starr, tena hakuna aliyeanza kazi akiwa amepokonywa machaguo matano ya juu. Hali ilibadilika mwishoni mwa 1991, bodi ilipompa Ron Wolf mamlaka kamili juu ya wachezaji, naye akamwajiri Mike Holmgren kufundisha tu.