Kurudia Darasa Si Kosa la Kumvua Mtoto Jezi

Msimu uliopita wa mpira niliitwa kutafsiri katika ofisi ya mkurugenzi wa michezo wa shule moja ya sekondari hapa Marekani. Tulikuwa watu wanne: mkurugenzi, mimi, mama mmoja Mkongo aliyekuwa ametoka kazini alfajiri hiyo na hajabadilisha hata viatu vya kiwandani, na mwanawe wa miaka 18. Mkurugenzi aligeuza kompyuta ili sote tuone kumbukumbu za masomo za kijana tangu alipoanza. Akaweka kidole kwenye kioo na kuhesabu mihula. Mmoja, miwili, mitatu. Alipofika wa nane akasimama, akasema huo ndio ulikuwa wa mwisho. Kijana alikuwa anaanza darasa la kumi na mbili, la mwisho la sekondari, wiki hiyohiyo. Kusoma atasoma, ila uwanjani haingii tena.

Nilitafsiri. Mama akakaa kimya, kisha akaniambia, "Papa, umuulize vizuri. Kumbe kurudilia darasa ni kosa?"

Mkurugenzi alijibu kwa upole kwamba si kosa, ni kanuni tu. Nami niliyatafsiri maneno hayo, lakini moyoni nilijua kwamba yule mama ameelewa kuliko sisi wote. Mtoto akirudia darasa, ananyang'anywa kitu. Mtu anaponyang'anywa kitu kwa sababu ya jambo alilofanya, hiyo tunaiita adhabu.

Nieleze kanuni yenyewe, maana wazazi wengi tunaozungumza Kiswahili huku tunaijua siku ile tu inapotuangukia. Michezo ya sekondari Marekani haina sheria moja ya nchi nzima. Kila jimbo lina chama chake: Texas wana UIL, Indiana wana IHSAA, Michigan wana MHSAA, na kadhalika. Hata hivyo, karibu vyote vinashika mambo mawili yanayofanana. La kwanza ni umri. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 19 kabla ya tarehe fulani ya kiangazi haruhusiwi kucheza mwaka huo wa shule. Texas na Michigan wanahesabu tarehe 1 Septemba. La pili ni muda. Tangu siku unayoingia darasa la tisa, yaani darasa la kwanza la sekondari huku, kwa mara ya kwanza, una mihula minane, yaani miaka minne, na mihula hiyo kwa kawaida inafuatana. Ukiugua, ukiacha shule, ukirudia darasa, ukikaa miaka miwili bila kugusa mpira, hesabu inaendelea. Haijali kama umecheza au hujacheza.

Sasa mtazame yule kijana. Alifika kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako watoto wa Kikongo husoma kwa mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Kwenye hati zake amezaliwa tarehe 1 Januari, kama wakimbizi wengi mno walioandikishwa bila cheti cha kuzaliwa. Aliingia darasa la tisa akiwa na miaka 14, Kiingereza chake kikiwa salamu na namba. Mwaka ule hakupata masomo ya kutosha kupanda darasa, akarudia. Katika miaka hiyo miwili hakucheza hata mechi moja, kwa sababu mama yake alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku na yeye ndiye aliyebaki na wadogo zake watatu kila jioni. Darasa la kumi ndipo kocha alipomwona akipiga danadana uani wakati wa chakula cha mchana. Akacheza msimu ule, na wa darasa la kumi na moja. Misimu miwili tu.

Alipofika darasa la kumi na mbili alikuwa na miaka 18, na 19 angeitimiza Januari, katikati ya mwaka wa shule. Kanuni ya umri ilimpitisha bila shida yoyote. Kilichomtoa ni mihula: alikuwa anaingia wa tisa.

Hapa ndipo ninapokasirika, na sioni sababu ya kulificha hilo. Katika timu walizokuwa wanakutana nazo kulikuwa na wachezaji wenye umri uleule wa miaka 18, wanaotimiza 19 mwaka huohuo wa shule, na wako ndani kihalali kabisa. Tofauti yao na huyu wetu ni kwamba wao walirudia darasa la nane. Saa ya mihula haijaanza kuhesabu darasa la nane. Ukirudia huko, hupotezi kitu, na unaingia sekondari ukiwa na mwaka mmoja zaidi wa mifupa na misuli, na mihula yako minane yote mfukoni.

Na watu wanalijua hilo. Hapa Marekani zipo familia zinazomrudisha mtoto darasa la nane akiwa amefaulu vizuri tu, makusudi, ili akue kabla ya kuingia kwenye macho ya makocha wa vyuo. Linafanyika sana kwenye mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani. Mara nyingi mtoto anahamishiwa shule ya kulipia, kwa kuwa shule ya serikali haina sababu ya kumrudisha mwanafunzi mwenye alama nzuri. Kwa maneno mengine, ni jambo la wenye uwezo. Texas wana kanuni inayomwondolea mwaka wa nne wa kucheza mtoto aliyerudishwa darasa la saba au la nane kwa ajili ya michezo. Nawapongeza kwa kujaribu. Lakini nani atathibitisha nia ya mzazi? Mzazi akisema mwanangu alikuwa bado mdogo kiakili, nani atapanda jukwaani kumkanusha?

Kwa hiyo kanuni iliyotungwa kumzuia mjanja inamwacha mjanja apite mlango wa mbele, kisha inamkamata mtoto aliyerudia kwa sababu alikuwa bado hajui kusoma swali la mtihani. Samaki mmoja akioza wote wameoza, ndivyo wanavyofikiri, na anayenuka kuliko wote machoni pao ni yule asiye na mtu wa kumsemea.

Sisemi kanuni hizi zimetungwa kwa ubaya. Mtu mzima wa miaka 20 akimkumba mtoto wa miaka 14 kwa kasi, kuna mfupa utavunjika. Pia pasipo ukomo, wapo makocha ambao wangewafelisha nyota wao ili wabaki mwaka mwingine. Nayakubali yote mawili. Ila hoja ya usalama inajibiwa na umri, na huyu kijana umri alikuwa nao. Hoja ya ulaghai inajibiwa kwa kuangalia kumbukumbu za masomo: je, alirudia kwa sababu alishindwa, au alirudia akiwa amefaulu? Hilo halihitaji mpelelezi. Lilikuwa pale kwenye kioo cha kompyuta, chini ya kidole cha mkurugenzi, muhula baada ya muhula.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya tatu: nafasi. Timu ina wachezaji kumi na mmoja uwanjani, na kila anayebaki mwaka wa tano anamkalisha benchi mdogo wake. Nimeifikiria sana hii, kwa sababu mimi mwenyewe nina mtoto darasa la tisa ambaye mwaka huu alikaa benchi karibu msimu mzima. Mwisho nimejiambia hivi: nafasi ya mtoto wangu haikupaswa kulindwa kwa kumtoa mwenzake ambaye amecheza misimu miwili wakati wengine wanapewa minne. Kama ni kugawana, basi tuhesabu misimu iliyochezwa, si kalenda iliyopita.

Mahakama nazo zimelizungusha suala hili kwa miaka mingi, na mara nyingi zimeshikilia kwamba michezo ya shule ni fursa, si haki ya kikatiba. Wanafunzi wenye ulemavu wa kujifunza wamejaribu kupitia sheria ya walemavu ya mwaka 1990. Mwaka 1994, mchezaji mmoja wa besiboli huko Missouri, aliyekuwa amerudia madarasa mawili ya msingi kabla matatizo yake ya kujifunza hayajagunduliwa, alishindwa katika mahakama ya rufaa ya shirikisho. Jaji mmoja hakukubaliana na wenzake. Mwaka 1995, vijana wawili wanariadha wa Michigan nao walishindwa. Hao wote walikuwa wamekwama kwenye kanuni ya umri. Mwaka 1999 ndipo mahakama ya rufaa nyingine ilipomwacha kijana wa Indiana aendelee kucheza mpira wa kikapu. Yeye alikuwa amepita mihula minane, si umri. Alikuwa ameshaacha shule kwa kufeli, akarudi kwa kuvutwa na mtu aliyemwona kwenye mashindano ya kiangazi, na baadaye ndipo ikagundulika kwamba ana ulemavu wa kujifunza. Majaji waliona kwamba kumsamehe yeye mmoja hakuiharibu kanuni.

Soma tena mfano wa Indiana. Mpira ndio uliomrudisha darasani. Ukimtoa kwenye timu, unaikata kamba ileile iliyomvuta kutoka shimoni.

Michigan wenyewe walibadilika. Kwa miaka mingi kanuni yao ya umri haikuwa na msamaha wa aina yoyote, hata kwa kijana mwenye sindromu ya Down aliyekuwa anaingizwa dakika za mwisho kurusha mitupo ya pointi tatu. Baba yake alihangaika hadi mwaka 2012, shule wanachama zilipopiga kura na kufungua mlango wa msamaha kwa wenye ulemavu. Michezo ya Michigan haikuporomoka. Na ilipokuja korona, Kentucky ilipitisha sheria mwaka 2021 iliyoruhusu wanafunzi kuomba kurudia mwaka mzima, na wale wa sekondari wakaweza kucheza mwaka wa tano iwapo umri haujapita. Saa ya mihula ilisimamishwa kwa kuwa janga lilimkumba kila mtu, na kila mtu alilielewa. Nyarugusu ni janga lililowakumba wachache, na wachache hao hawakai kwenye vikao vinavyotunga kanuni.

Ninachotaka si kikubwa. Umri ubaki ulivyo. Mihula ihesabiwe, lakini mwanafunzi aliyerudia kwa kushindwa masomo, kwa ugonjwa au kwa kufika nchini bila lugha, arudishiwe mwaka huo moja kwa moja ikiwa hakucheza ndani yake, bila rufaa wala wakili. Na aliyerudia akiwa amefaulu, hata kama ni darasa la nane, mwaka huo uhesabiwe kama wa kwanza kati ya minne yake.

Tuliomba msamaha kwa chama cha jimbo. Niliandika barua ya mama kwa mkono, yeye akizungumza na mimi nikitafsiri, tumekaa kwenye ngazi za nyumba yao kwa sababu ndani watoto walikuwa wamelala. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, aya mbili: kurudia darasa hakuhesabiwi kuwa hali iliyo nje ya uwezo wa mwanafunzi. Timu ilikuwa imeshacheza mechi sita. Kijana aliifua jezi, akaikunja, akaipeleka ofisini mwenyewe.

Kama una mtoto anayetaka kucheza na shule inakuambia arudie darasa la tisa au la juu zaidi, usitie sahihi siku hiyohiyo. Uliza kwanza amebakiwa na mihula mingapi. Uliza kama anaweza kupanda darasa huku akiyarudia masomo aliyofeli wakati wa kiangazi, maana shule nyingi zina utaratibu huo na hawakutajii usipouliza. Akirudia, omba sababu iandikwe kwenye faili lake na uchukue nakala. Tunza kila karatasi ya shule ya kambini, hata iliyochanika. Ukihisi ana tatizo la kujifunza, omba apimwe, na uombe kwa maandishi yenye tarehe. Maombi ya msamaha yapelekwe masika, kabla ya msimu, si Agosti. Na ukiitwa kikaoni, shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukuletea mkalimani bila malipo. Usikubali mtoto ndiye akutafsirie habari ya kutolewa kwake.