Hita ya Mama Mkwe

Mama mkwe alitua Minneapolis, Marekani, kutoka Tanga katikati ya Januari, kandambili mguuni. Nje nyuzi 23 chini ya sifuri. Hakulalamika hata siku moja. Ila kila alfajiri akiingia jikoni na kukanyaga vigae, alikuwa anavuta pumzi kwa meno: "Ssss." Hiyo "ssss" ilinifikia chumbani na kunichoma kuliko tusi.

Jiko letu ni makabati kila upande, hakuna ukuta wa kutundika hita. Kutandika nyaya za joto sakafuni kungetaka tung'oe vigae vyote. Ndipo nikagundua kuna hita fupi za feni, kimo kama sentimita 10, zinazopachikwa chini ya kabati, kwenye ule uwazi ambao vidole vya miguu huingia ukisimama kuosha vyombo. Yaani hewa ya moto moja kwa moja kwenye kandambili za mama!

Dukani nikakuta maboksi mawili kama pacha, yote wati 1,500. Moja limeandikwa volti 120, jingine 240. Nikacheka peke yangu. Mia na ishirini? Huo si wa kuchajia simu? Mimi nimekulia kwenye umeme wa 230, ukikugusa unamkumbuka bibi yako kwa jina. Nikabeba la 240. Mke wangu, Mama Zuhura, akaniuliza kama nimesoma maelekezo. Nikamwambia umeme ni umeme.

Jumamosi nikazima sakiti breka (hilo nililifanya, msinione mwendawazimu kabisa), nikalala kifudifudi, nikakata ule ubao wa chini kwa msumeno, nikaingiza kichwa na mkono. Humo nikakuta kijiko, kitunguu saumu kilichobaki maganda, na rimoti ambayo Zuhura alisingiziwa mwaka mzima. Nikiwa hivyo, nusu mtu nusu kabati, makalio yakitazama dari, nikasikia nyuma yangu: "Ssss."

Mwenye mkwe anajua. Mama mkwe hata kochi moja hukai naye, sembuse kumpokea kwa upande ule. Nikasema kutoka uvunguni, "Shikamoo, mama." Kimya. Kisha "Marahaba, mwanangu," lakini sauti ilikuwa inarudi kinyumenyume, kandambili nazo zikiifuata.

Waya nilioungia ulikuwa wa soketi ya jikoni, na soketi za kawaida za huku ni zile zile za 120 nilizozicheka. Nikawasha. Feni ikaanza kujizungusha kama mzee anayepanda ngazi. Nikaweka kiganja. Si moto, si baridi; kama kupumuliwa na mbuzi. Tukasubiri saa nzima, familia yote imesimama, miguu imepangwa mstari. Mama akasema kwa adabu, "Inaanza kushika, baba."

Haikushika. Wiki mbili nikajidanganya kwamba haijazoea nyumba. Faraja yangu pekee ilikuwa maandazi ya mama, maana kipindi hicho yalitoka malaini ajabu, nikasifu unga wa Marekani.

Mwishowe nikaita fundi umeme mwenye leseni. Akamulika kibandiko kwa tochi, akakaa palepale chini akicheka. Volti zikiwa nusu, akanieleza, nguvu haibaki nusu, inabaki robo: wati zangu 1,500 zilikuwa 375. Akavuta waya mpya kutoka kwenye boksi la breka, akafunga breka pacha ya 240, akataja bei ambayo mpaka leo Mama Zuhura anaijua nusu yake. Akawasha. Vuuu! Joto likatoka kama nimefungua mlango wa oveni. Usiku ule nililala kama mkwe wa mfano.

Alfajiri sikusikia "ssss". Nilisikia "Mungu wangu!" Nikakimbilia jikoni. Mama amesimama, na sakafuni, mbele kabisa ya hita, beseni la plastiki limepinda upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyenuna. Ndani yake unga wa maandazi: upande wa kabati umeiva, una ganda la kahawia, upande wa pili umefura na kumwagika hadi kwenye khanga aliyoufunikia. Kumbe wiki mbili zote ndipo alipokuwa akiuweka uumuke.

Akaokota khanga yake, akaikung'uta taratibu.

"Baba Zuhura," akasema, macho yakiwa kwenye beseni, "yule fundi hawezi kuirudisha kama ulivyoifunga wewe?"