Mvuvi wa Pangani Juu ya Barafu

Ningelala kwenye basi kama wenzangu, haya yasingenikuta. Lakini mimi basi likishaanza kutembea na mdomo nao unaanza kutembea, na asubuhi ile ya Januari tulikuwa na zaidi ya saa mbili za kutoka Seoul hadi Hwacheon, mkoa wa Gangwon, kule juu karibu na mpaka wa Korea Kaskazini. Kundi letu lilikuwa la wanafunzi wa kigeni: Wauzbeki, Wavietinamu, Wamongolia, na Waafrika wawili tu, mimi na jamaa mmoja wa Kenya. Yeye kwao Kisumu, mimi kwetu Pangani, na majina tuliyopewa na wazazi tulishayasahau. Tulikuwa tunaitana kwa miji.

Dada wa ofisi ya wanafunzi, aliyetupangia safari, akashika kipaza sauti cha basi akatueleza tunakokwenda. Tamasha la sancheoneo. Huyo ni samaki wa mtoni, ubavuni ana madoa utadhani kuna mtu kamminya kwa vidole vyenye wino. Kila Januari mto wa pale mjini ukishaganda, wanatoboa matundu kwenye barafu, maelfu, watu wanakaa juu yake kuvua. Wilaya yenyewe watu wake hawafiki hata elfu 30, lakini tangu tamasha lianze mwaka 2003 limekua hadi, kwa majuma kama matatu tu, wanapokea wageni zaidi ya milioni moja. Baada ya maelezo hayo akauliza: kuna aliyewahi kuvua samaki?

Mkono ulionyooka ulikuwa wangu.

Sasa niseme ukweli ambao siku ile sikuusema. Baba yangu mvuvi, babu yangu mvuvi, na wajomba wote ni watu wa mishipi na nyavu. Mimi niliwahi kupanda ngalawa kwenda kuvua mara moja, nikiwa darasa la tano. Tulikuwa tunaelekea upande wa kisiwa cha Maziwe, na kabla hatujakiona kisiwa nilishatapika chai, viazi, na nadhani na chakula cha jana yake. Baba akanilaza chini kama kapu la chambo hadi tuliporudi. Tangu hapo kazi yangu ikawa kupeleka samaki kwa wateja, kwa baiskeli. Nchi kavu. Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini wengine tulitoka mijusi.

"Samaki sisi kwetu tunafahamiana nao kwa majina," nikawaambia basi zima.

Kisumu akageuka. "Samaki ni wa ziwa, bana. Nyinyi watu wa bahari mnavua chumvi."

Hapo ndipo niliposhikwa na kitu. Nikasimama katikati ya basi, mkono mmoja kwenye kiti, nikatangaza kwamba mchana ule asije mtu akanunua chakula. Nitawalisha. Dada akanikumbusha kwa adabu kwamba kila mtu anaruhusiwa kuondoka na samaki watatu tu. Nikamjibu hakuna shida, nikimaliza watatu wangu nitamvulia na yeye wake. Watu wakapiga makofi. Hata dereva nilimwona kwenye kioo anatabasamu.

Tuliposhuka, kipimo kilisema nyuzi 14 chini ya sifuri. Ukivuta pumzi unasikia vinyweleo vya puani vinasimama kimoja kimoja. Nilikuwa nimevaa suruali tatu, na mwilini nimejibandika vile vifuko vya joto wanavyouza madukani huku, unakitikisa kinapata moto. Wenzangu waliweka kimoja kila mfuko. Mimi niliweka kumi na moja, na sitataja vyote vilikaa wapi.

Barafu ninayoijua mimi ni ile ya ukwaju, ya kwenye kifuko, unang'ata kona unafyonza. Hii ya Hwacheon ilikuwa mto mzima, nene kuliko urefu wa rula ya shule, na juu yake kuna watoto wanakimbia na muziki unalia kwenye spika. Hatua ya kwanza niliikanyaga kama mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Kisha nikaona watu wamelala kifudifudi, kichwa kwenye tundu, kofia imefunika uso, hawatikisiki. Nikamshika dada mkono, nikamwonyesha kwamba wale wamezimia. Akaniambia wanachungulia samaki.

Tukapewa vifaa. Ufito wa plastiki mfupi kuliko mkono wangu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, uzi, na kisamaki cha bandia chenye ndoana. Nikauliza chambo kiko wapi. Kwetu baba haondoki bila ngisi. Nikaambiwa chambo ndicho hicho kisamaki. Nikacheka kicheko cha mtaalamu, nikawakusanya Wauzbeki na Wavietinamu, nikawapa mhadhara: tulieni, msitikise uzi, samaki hapendi fujo. Wakanisikiliza kwa heshima zote. Wakafanya kama nilivyosema.

Baada ya nusu saa hakuna aliyepata kitu.

Tundu la jirani alikuwa halmoni mmoja, yaani bibi, mzee wa makamo ya nyanya yangu, kakaa kwenye kiti kidogo na chupa ya chai miguuni. Yeye uzi wake hakuutuliza hata kidogo. Anaushusha hadi chini, anaupandisha shubiri moja, anaudekesha: tik, tik, anaacha. Tik, tik, anaacha. Kila akiacha mara kadhaa, samaki anatoka tunduni anarukaruka kwenye barafu. Alipofikisha watatu akaniangalia, akaangalia ufito wangu ulivyotulia, akasema "aigo." Neno hilo halihitaji mkalimani. Lina "maskini" ndani yake, lina na "mtoto wa watu".

Kisumu aliiona ile tik tik. Msaliti yule akainakili kimyakimya, na dakika kumi hazikupita akapiga kelele ambayo nina hakika waliisikia ng'ambo ya mpaka. Kapata. Binti wa Kimongolia naye akapata. Wanafunzi wangu wakaanza kunihama mmoja mmoja kwenda kujifunza kwa halmoni, wakabaki Wauzbeki wawili, na nadhani walibaki kwa kunionea huruma.

Ndipo uzi wangu ukavutwa.

Ukavutwa kwelikweli. Nikauvuta, ukakaza. Nikasema huyu si sancheoneo, huyu ni papa kapotea njia. "Nimepata! Mkubwa!" nikapiga ukelele kwa Kiswahili, Kikorea kilishanikimbia. Watu wakaja. Halmoni akainuka. Simu zikatolewa. Nikavuta kwa mikono miwili, mguu nimeukita kwenye barafu, na nyuma yangu nikamsikia Muuzbeki mmoja analalamika kwa lugha yake, nikadhani ananishangilia. Kikatoka. Kilikuwa chekundu, chembamba, kina mpini.

Nilikuwa nimevua ufito wa Muuzbeki. Nyuzi zetu zilikumbatiana chini ya barafu, na yeye alikuwa ameulaza wake pembeni ili apashe vidole joto. Nilivyovuta mimi, ufito wake ukateleza, ukazama kwenye tundu lake, ukaibukia kwangu.

Kisumu alikaa chini kwenye barafu. Alishindwa kusimama.

Mwenye akili angeishia hapo. Lakini nilishaahidi chakula, na mbele kidogo kulikuwa na bwawa ambalo watu wanakamata samaki kwa mikono mitupu. Nikajiandikisha. Wanakupa fulana na kaptula, unaingia peku. Chumba cha kubadilishia nguo nilipoanza kuvua suruali, vile vifuko vya joto vikawa vinadondoka kimoja kimoja, tap, tap, kama kuku anayetaga huku anatembea. Mzee mmoja wa Kikorea akaviokota, akanipa kwa mikono miwili kama anavyotakiwa kumpa mtu kitu. Nikapokea kwa mikono miwili. Tukainamiana.

Yale maji siwezi kuyaeleza. Sikusikia baridi, nilisikia magoti yananiuliza nimewakosea nini. Mtangazaji akanifuata na kipaza sauti, natoka wapi? Nikasema Tanzania, lakini meno yalikuwa yanagongana ikatoka "Ta-ta-ta-ta." Filimbi ikalia. Samaki walikuwa wengi wanapita katikati ya miguu, na kwa maajabu ya Mungu nikamdaka mmoja kwa mikono yote miwili. Niliona wenyeji wakishapata wanamtumbukiza ndani ya fulana ili waendelee kutafuta. Nami nikamtumbukiza.

Jamani. Samaki hai ndani ya fulana, kwenye tumbo tupu, katika baridi ile! Alianza kitovuni, akapanda mbavuni, akazunguka mgongoni. Mimi nikawa naruka, najikunja, najipiga makofi, naita mama yangu aliye Pangani. Mtangazaji alidhani ni ngoma ya kwetu. Akawaambia watu wapige makofi ya kufuatisha, nao wakafuatisha. Nikizunguka wanashangilia, nikiinama wanashangilia, hadi samaki akachoropoka upande wa mgongo, akaangukia mbele ya kijana wa miaka kama minane ambaye hakuwa amepata kitu. Akamdaka. Akaniangalia kwa macho makubwa, akainamisha kichwa mpaka kiunoni: "Kamsahamnida!"

Ungenyang'anyaje? Mtangazaji akasema mgeni kutoka Afrika ana moyo mzuri. Nilishangiliwa kuliko waliopata watatu.

Samaki wanapelekwa pale pale kwenye majiko makubwa, wanavingirishwa kwenye karatasi za alumini, wanarudi wanatoa moshi na nyama inaachia mfupa yenyewe. Nilikaa kona nimejifunika blanketi la binti wa Kimongolia. Kisumu akaja na wake, akammega katikati, nusu akaisukuma kwangu.

"Kula, Pangani. Nimekuwekea chumvi, ujisikie nyumbani."

Tukiwa njiani kurudi dada akatuambia jambo ambalo angelisema asubuhi, angeniokoa. Wale samaki wanafugwa, wanaletwa kwa magari, wanamwagwa mtoni kwa ajili ya wageni. Nilikuwa bado nalitafakari hilo simu ikaita. Huku jua linazama. Kwetu ilikuwa asubuhi bado, na baba ametoka baharini. Nikampa shikamoo. Akauliza habari ya matembezi, maana nilishajitapa na kwake tangu juzi. Nikaona nimweleze ule ufugaji kwanza, kupoteza maboya.

"Ngoja nikuelewe," baba akasema. "Wanawafuga, wanawamwaga mtoni, juu kumefunikwa na barafu, halafu nyinyi mnalipa kiingilio ili muwavue?"

"Ndiyo, baba. Ila sehemu ya hela unarudishiwa kwa vocha, unanunua mazao ya wakulima wa pale."

"Sijauliza vocha. Umepata wangapi?"

Nikanyamaza. Kisumu akainama hadi kwenye simu yangu. "Mzee, mambo ni mabaya! Amevua fimbo ya mtu!"

Upande wa pili kukawa kimya. Nilisikia upepo, nilisikia mtu anapiga bei ya changu. Kisha baba akauliza, pole pole:

"Umetapika?"

"Hapana, baba."

"Basi umeendelea."