MRI inaweza kujua nani yuko hatarini kufa ghafla kwa kifafa?

Kwa watu wazima wenye kifafa, karibu mmoja kati ya 1,000 hufa ghafla kila mwaka, hajazama, hajapata ajali, na hata maiti ikipasuliwa sababu haionekani. Wengi wanakutwa kitandani wamelala kifudifudi. Sasa kuna watafiti wanasema hatari hiyo huenda ikaonekana mapema kwenye picha ya ubongo inayopigwa na MRI, mashine inayotumia sumaku. Hoja yao si ya kubeza, ila mi naona watu wanaikimbilia mno.

Mwaka 2015 jarida la Brain lilitoa utafiti wa picha za MRI zilizopigwa watu wakiwa hai, halafu baadaye wakafa hivyo. Upande wa kulia, sehemu ya mbele ya hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) pamoja na amigdala (jirani yake, ya hisia kama hofu) zilikuwa kubwa kuliko kawaida, na sehemu ya nyuma ya thalamasi (kituo cha kupitisha taarifa katikati ya ubongo) imepungua. Na inaingia akilini, maana amigdala ukiichokoza kwa umeme mtu anaweza kuacha kupumua na wala hajitambui kama kaacha!! Tena kwa wale waliofia hospitali wakiwa kwenye mashine za kufuatilia ubongo na moyo, ilionekana degedege la mwili mzima likiisha pumzi zinaenda mbio, zinalegea, zinakata, ndo moyo nao unasimama.

Sasa shida iko wapi. Waliofariki kwenye utafiti ule walikuwa 12 tu, na tofauti yenyewe ni ya wastani wa kundi, ukichukua picha ya mtu mmoja mmoja huwezi kumwambia wewe umo au haumo. Na nani kasema huo ukubwa ndo chanzo, pengine ni degedege zenyewe zimeuleta miaka yote hiyo.

Wakati huohuo kuna kitu hakihitaji mashine: mwenye degedege za mwili mzima tatu au zaidi kwa mwaka, hatari yake ni kama mara 15 ya asiyezipata. Hilo unalipata kwenye daftari analoandika degedege zake.

MRI ipigwe, sibishi, inaweza kuonyesha kovu kwenye ubongo linalofaa kufanyiwa upasuaji na degedege zikakoma. Ninachoogopa ni picha safi: mtu anaambiwa ubongo wako hauna kitu, anaanza kuruka dozi, analala peke yake, wakati swali la kumuuliza lilikuwa usiku zinakuja mara ngapi na nani yupo chumbani zikija.