Polima kwenye tope la seli: hofu ya masalia imepewa uzito kupita kiasi

Trastuzumab, dawa ya saratani ya matiti iliyoingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO mwaka 2015, ni kingamwili inayozalishwa na seli za hamsta ndani ya matangi. Siku ya kuvuna, tangini mna tope: mamilioni ya seli kwa kila mililita, mabaki ya zilizopasuka, DNA, na dawa yenyewe imeyeyuka humohumo. Kwa mazoea, tope huzungushwa na kuchujwa, ndipo lipite kwenye kolamu ya Protini A, yaani mrija uliojazwa chembe zenye protini inayoinasa kingamwili na kuitoa ikiwa karibu safi. Njia hii wakaguzi wa dawa wanaijua, na haibahatishi. Sina ubishi.

Ubishi wangu ni pale polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inapodharauliwa kuwa njia ya mkato tu ya kusafisha tope hilo. Tia kwenye tope lisilochujwa polima yenye chaji chanya, tuseme kitosani ya maganda ya kamba wa baharini, nayo itazikamata seli na DNA, ambazo chaji yake ni hasi, hadi mabonge yatuame; ndivyo mbegu za mlonge zinavyotuliza maji ya mto. Kingamwili nyingi nazo ni chanya katika pH ya kawaida, kwa hiyo hubaki kwenye maji ya juu.

Wapinzani wanauliza: polima ikibaki kwenye dawa? Swali la haki, maana polietilinimini, polima nyingine ya aina hiyo, ni sumu kwa seli. Tena ukizidisha kipimo, chembe zote hugeuka chanya, husukumana, na tope linarudi. Lakini Protini A, ambayo asili yake ni bakteria, nayo humeguka na kuingia kwenye dawa. Haikutupwa kwa sababu hiyo. Iliwekewa kipimo na hatua ya kuiondoa. Kwa nini polima inyimwe nafasi hiyohiyo?

Halafu kuna bei. Lita moja ya resini ya Protini A, yaani zile chembe za kolamu, ni maelfu ya dola. Kiwanda kikubwa huitumia mara mia au zaidi, gharama ikagawanyika. Dawa ya majaribio hutengenezwa mara chache tu, na resini hutupwa ingali nzima, kwa kuwa haihamishiwi dawa nyingine.

Sisemi kolamu zing'olewe. Polima itangulie wakati wa kuvuna, machujio yasizibe, na kwenye dawa za majaribio ijaribiwe hata mahali pa kolamu, ilimradi kipimo cha masalia kiwe tayari kabla polima haijachaguliwa.